Kona Moja, Mikono Minne: Mwongozo Kamili wa Kupamba Nyumba Mkiwa Wawili

Wapenzi wengi wanaoamua kupamba nyumba pamoja hukosea mwanzoni kabisa: wanagawana kazi katikati. Wewe paka ukuta huu, mimi nipake ule. Jioni inafika, wamepeana migongo tangu asubuhi, na kuta mbili hazifanani. Hao ni vibarua wawili waliokutana kwenye nyumba moja, basi.

Kazi inayowafaa wawili ni ile ambayo mtu akiwa peke yake hutamani angekuwa na mkono wa tatu: mmoja ashike uzi, mwingine achore, mmoja apake kingo, mwingine amfuate na rola rangi ikiwa mbichi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo nimechagua kazi tatu za namna hiyo, zote za kona moja ya sebule au chumba cha kulala: tao la rangi ukutani, pambo la mafundo ya kamba la kuning'iniza ndani ya tao hilo, na foronya mbili za mito zilizochapwa kwa mihuri mliyochonga wenyewe. Fuateni mpangilio huo huo. Rangi hurusha matone na msasa hutoa vumbi, na kamba na kitambaa ni vitu vinavyonasa kila kitu.

Anzeni na kona moja tu. Nyumba nzima ni mradi wa kugombana.

Nani fundi, nani saidia

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa kila kazi kati ya hizi tatu, mmoja awe fundi na mwenzake awe saidia, na kazi ikiisha mbadilishane. Fundi ndiye mwenye neno la mwisho. Saidia ana haki ya kutoa maoni mara moja, waziwazi, kisha anaendelea kushika ngazi. Linaonekana jambo la mzaha, lakini ndilo lililotuokoa mimi na mwenzangu. Kabla ya hapo tuliwahi kubishana saa nzima juu ya msumari mmoja, na hatimaye tukaupigilia mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa amependekeza.

Rangi ni jambo la wote wawili, kwa hiyo ina utaratibu wake. Kila mmoja aandike rangi tatu anazozipenda na moja asiyoweza kuishi nayo. Rangi iliyokataliwa imekataliwa, hata kama mwenzako ameiweka ya kwanza. Zinazobaki zijaribuni kwa macho badala ya kwa maneno: pakeni rangi kwenye kadibodi kubwa, angalau sentimita 50 kwa 50, mikono miwili (yaani matabaka mawili), muiache ikauke, kisha muiegemeze kwenye ukuta wenyewe. Itazameni asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Mwanga wa taa ya njano huvuta rangi upande wa joto, na kijivu kilichopendeza mchana kinaweza kugeuka kama tope. Kadibodi ina faida nyingine: inahamishika. Mkipaka kipande moja kwa moja ukutani, jicho litakilinganisha na rangi ya zamani iliyokizunguka na litadanganyika.

Kazi ya kwanza: tao la rangi

Tao ni umbo lenye pande mbili zilizosimama wima na nusu duara juu yake. Linafanya kona iliyokuwa tupu ionekane kama ina kusudi. Vipimo ninavyovipenda ni upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 190 kutoka sakafuni. Hapo nusu duara ina nusu kipenyo cha sentimita 50, na kitovu chake kiko sentimita 140 juu ya sakafu. Eneo lote ni kama mita 1.8 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji kwa kawaida hutosha kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili ya tao hili haimalizi hata nusu lita. Nunueni kopo dogo.

Vifaa: rangi hiyo, rangi kidogo ya ukuta ulivyo sasa, rola ndogo yenye manyoya mafupi, brashi ya sentimita 2.5 iliyokatwa mshazari, utepe wa karatasi ambao mafundi rangi huzibia kingo, penseli, pimamaji, futi ya kupimia, msasa namba 180, na uzi usiovutika. Uzi wa sufu haufai. Unanyumbuka, na duara litatoka kama yai.

Futeni ukuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uacheni ukauke, zibeni matundu, kisha pitisheni msasa kwenye viraka. Jambo moja la usalama: kama rangi iliyopo ni ya miaka mingi na hamjui historia yake, msiisugue kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na mama mjamzito. Ukuta wa namna hiyo ulowesheni kwanza, au muuache na kuchagua mwingine.

Sasa uchoraji. Pimeni sentimita 140 kutoka sakafuni mahali pamoja tu, mtie alama. Msipime upande wa pili kutoka sakafuni, maana sakafu nyingi hazijakaa sawa. Zikipishana sentimita moja, tao litaonekana limelewa. Tumieni pimamaji kuchora mstari mwembamba wa mlalo kutoka alama hiyo, urefu wa sentimita 100. Katikati ya mstari huo ndipo kitovu kilipo. Kisha shusheni timazi kutoka kila mwisho wa mstari: mmoja anashika uzi juu, kitu kizito kimefungwa chini yake, mwingine anasubiri kitulie ndipo anatia alama karibu na sakafu. Unganisheni alama kwa rula ndefu au ubao ulionyooka.

Kwa nusu duara, fungeni uzi kwenye penseli na mpime sentimita 50 baada ya kufunga, kwa sababu fundo hula urefu. Saidia anabana ncha ya uzi kwa kidole gumba juu ya kitovu, na hapo hasogei hata akiwashwa pua. Fundi anavuta uzi ukaze, penseli ikiwa imesimama wima dhidi ya ukuta. Akiilaza, nusu kipenyo kinabadilika njiani. Kabla ya kuchora kweli, pitisheni penseli hewani kutoka upande mmoja hadi mwingine: inapaswa kugusa ncha zote mbili za mstari wa mlalo. Ikikosa, kitovu kimehama. Pimeni upya.

Bandikeni utepe nje ya mistari iliyosimama. Kwenye nusu duara mna njia mbili: kukata utepe vipande vifupi vya sentimita 3 au 4 na kuvipanga kufuata mzingo, au kupaka kwa mkono mtupu kwa ile brashi ya mshazari. Mimi hupendelea mkono mtupu. Vipande vya utepe huacha vipembe vidogo ambavyo ukishaviona mara moja hutaacha kuviona tena. Mwenye mkono unaotetemeka ashike rola.

Sehemu iliyobandikwa utepe ina siri yake. Kabla ya rangi mpya, pakeni ukingo wa utepe kwa rangi ya ukuta ya zamani, nyembamba, muiache ikauke. Rangi siku zote hupenya kidogo chini ya utepe. Kwa njia hii inayopenya ni ile ya ukuta, ambayo haionekani, na nafasi inakuwa imeshazibwa rangi mpya inapofika. Mstari utatoka kama umekatwa kwa wembe.

Kupaka kwenyewe ndiko kunakohitaji wawili kwelikweli. Fundi anapaka ukingo kwa brashi, kama nusu mita hivi, na saidia anafuata papo hapo na rola, akiingiza rola ndani ya rangi ya brashi ikiwa bado mbichi. Ukingo ukikauka kwanza, rola itakapopita juu yake itaacha unene maradufu, na kwenye mwanga wa pembeni mtaona mkanda mweusi umezunguka tao lote. Mtu mmoja hulazimika kukimbizana na brashi na rola. Wawili wanatembea tu.

Mkono wa pili upakwe baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao kwa rangi za maji mara nyingi ni saa 2 hadi 4. Utepe uondoeni rangi ya mwisho ikiwa bado ina unyevu kidogo, mkiukunja kuurudisha nyuma na kuvuta polepole. Mkisubiri hadi kesho, rangi itakuwa imeungana na utepe na itachanika nao. Hilo likitokea, kateni mshono kwa wembe kabla ya kuendelea kuvuta.

Kazi ya pili: pambo la mafundo

Badilishaneni kofia. Aliyekuwa saidia sasa ni fundi.

Sanaa ya kupamba kwa mafundo ya kamba inajulikana sana kwa jina la makrame. Uzuri wake ni kwamba haidai mashine wala sindano, na mnaweza kuongea huku mikono ikifanya kazi. Pambo ninalolieleza lina upana wa kama sentimita 28 na urefu wa kama sentimita 60, lenye pembetatu ya mafundo juu na kishada kirefu chini.

Mnahitaji fimbo ya mbao ya sentimita 45, unene wa vidole viwili hivi, na kamba ya pamba ya milimita 4, mita 120. Kuhusu kamba angalieni jambo moja dukani: kama mnataka kishada laini kinachochanika kama nywele, chukueni ile ya pamba iliyosokotwa, si iliyosukwa. Ya kusuka ni imara kwa vikapu vya maua, lakini ukiifumua ncha inaharibika tu.

Kanuni ya urefu ni kwamba kila uzi unaoning'inia uwe kama mara 4 ya urefu wa pambo lililokamilika. Pambo la sentimita 60 linataka uzi wa mita 2.4, na kwa kuwa kila kamba hukunjwa katikati, kamba moja ni mita 4.8. Tunahitaji kamba 24. Kuzipima moja moja kwa futi ni adhabu. Wekeni viti viwili vyenye migongo, mita 2.4 kutoka kimoja hadi kingine. Mmoja akalie kiti kimoja kisisogee, mwingine azungushe kamba kwenye migongo yote miwili, mizunguko 24. Kisha kateni zote kwa pamoja kwenye mgongo wa kiti kimoja. Mmepata kamba 24 za mita 4.8, na mkunjo wa katikati uko tayari kwenye kiti cha pili. Mizunguko isikazwe sana, la sivyo viti vitaanza kusogeleana na kamba za mwisho zitatoka fupi.

Fungeni fimbo mahali pa juu, kwa mfano kwenye reli ya pazia au migongo ya viti, kimo cha kifua. Kila kamba ipachikeni hivi: kitanzi cha katikati kiwekeni mbele ya fimbo, kikunjeni kwenda nyuma yake, kisha ncha mbili zipitisheni ndani ya kitanzi na mvute. Kamba 24 zinakuwa nyuzi 48.

Fundo la kujifunza ni moja tu, fundo la mraba. Linatumia nyuzi nne. Tuziite moja, mbili, tatu na nne kutoka kushoto. Ya pili na ya tatu zinakaa katikati, hazifanyi kazi, ni mlingoti. Uzi wa kwanza upite mbele ya mlingoti kwenda kulia, kisha chini ya uzi wa nne. Uzi wa nne upite nyuma ya mlingoti kwenda kushoto na kutokea mbele kwenye tundu lililoachwa na wa kwanza. Vuta pande zote mbili sawasawa. Hiyo ni nusu ya fundo. Nusu ya pili ni ile ile kwa upande wa pili: uzi ulioko kulia sasa ndio unaopita mbele ya mlingoti, na wa kushoto unapita nyuma. Mkisahau kubadilisha upande, na kila nusu mkaianzia kushoto, mafundo yataanza kujizungusha kama ngazi ya konokono. Si kosa baya, watu hufanya hivyo makusudi kwa vikapu vya maua, ila hapa hatukitaki kitu hicho.

Mstari wa kwanza una mafundo 12. Wa pili una 11: acheni nyuzi mbili za kila ukingo, na kila fundo lichukue nyuzi mbili kutoka fundo la kushoto na mbili kutoka la kulia. Wa tatu mafundo 10, mkiacha nyuzi mbili zaidi kila upande, na kuendelea hivyo hadi fundo moja la mwisho. Jumla ni mafundo 78. Katikati ya mistari wekeni ukanda wa kadibodi wa sentimita 2.5 kama kipimo. Msikadirie kwa jicho.

Mnaweza kufunga pamoja kwa wakati mmoja, mmoja akianzia kushoto na mwingine kulia, mkutane katikati. Lakini kuna mtego. Kila mkono una mkazo wake. Mmoja wenu hufunga kama anafunga mzigo wa safari, mwingine kama anafunga utepe wa zawadi, na baada ya mistari mitano upande mmoja wa pambo umepanda juu. Dawa ni kubadilishana pande kila mstari. Mikazo inachanganyika na pambo linakaa sawa. Dawa nyingine, ambayo sisi tuliijaribu kwanza, ni kumwambia mwenzako "legeza kidogo" kila baada ya fundo. Haifanyi kazi.

Mkimaliza, chaneni nyuzi zinazoning'inia kwa kitana kuanzia ncha kwenda juu, si juu kwenda chini. Bandikeni utepe wa karatasi kwa mstari mnaoutaka, wa moja kwa moja au wa mshazari, mkate kwa kufuata utepe. Kateni kwanza pakiwa parefu kuliko mnavyotaka. Kamba ikishakatwa hairudi.

Kulitundika ni kazi fupi: kamba ya kuning'inizia, msumari mmoja imara kwenye mstari wa katikati wa tao, pimamaji juu ya fimbo. Msipigilie moja kwa moja juu au chini ya swichi au soketi, kwa kuwa nyaya mara nyingi hupanda na kushuka wima hapo.

Kazi ya tatu: foronya za kuchapa

Hii ichagulieni siku mliyochoka kupima, ingawa kipimo kimoja hamtakikwepa. Kwa mto wa sentimita 45 kwa 45, kateni ukanda wa kitambaa cha pamba wenye upana wa sentimita 47 na urefu wa 109. Ncha mbili zitakunjwa pindo la sentimita 2 kila moja, na nyuma vipande vitapandana sentimita 15, kwa hiyo hakuna zipu wala kifungo. Uso wa mbele ni zile sentimita 45 za katikati, yaani kuanzia sentimita 32 kutoka kila ncha. Wekeeni alama za chaki.

Kabla ya kukata, osheni kitambaa kwa maji ya moto na sabuni bila kilainishi. Kitambaa kipya kina wanga na dawa za kiwandani zinazozuia rangi kushika, na kikioshwa husinyaa. Afadhali kisinyae sasa kuliko baada ya kushonwa.

Muhuri mnaweza kuuchonga kwenye soli ya ndara kuukuu. Raba yake ni laini kwa wembe na inashika umbo. Choreni umbo rahisi, jani au duara lililokatwa katikati, mchonge pembeni kwa kina cha kama milimita 4, kisha gundisheni kwenye kipande cha mbao ili pawe na mahali pa kushika. Mkichonga herufi, kumbukeni muhuri huchapa kinyume. Sisi tulichonga herufi za majina yetu kwa uangalifu mkubwa mno, tukachapa foronya nzima, ndipo tukagundua zinasomeka kwenye kioo tu. Mto huo bado upo. Wageni hudhani ni maandishi ya lugha nyingine.

Hapa mgawanyo wa kazi ni wa lazima: mmoja ana mikono michafu, mwingine misafi. Wa kwanza anapaka rangi ya vitambaa kwenye muhuri, tabaka jembamba kwa sponji, na kumpa mwenzake kwa upande wa mbao. Wa pili anakandamiza wima, anahesabu hadi tatu, anainua bila kuburuta. Mtu mmoja akifanya yote mawili, alama za vidole zitaonekana kwenye kitambaa kabla ya muhuri wa tano. Chini ya kitambaa wekeni blanketi lililokunjwa, kwa kuwa meza ngumu huacha mabaka matupu katikati ya umbo. Majaribio matatu kwenye kitambaa chakavu kwanza.

Acheni ikauke siku nzima, kisha pigeni pasi upande wa nyuma bila mvuke, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, au kama chupa inavyoelekeza. Joto ndilo linaloshikisha rangi isitoke kwenye maji. Ndipo mshone: pindo kwanza, halafu kunjeni ncha zote mbili zije juu ya uso uliochapwa na kupandana, shoneni pande mbili za pembeni kwa nafasi ya sentimita 1, mgeuze.

Mabaki

Rangi ya tao iliyobaki mimineni kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, ijae karibu hadi juu ili hewa isiikaushe, na muandike jina la rangi na tarehe. Siku kiti kitakapokwaruza ukuta, mtaitafuta. Vipande vya kamba vya chini ya sentimita 30 sisi huvifunga kwenye funguo. Kitambaa kilichobaki kinatosha vitambaa vya kuwekea vikombe, ambavyo pia hupendeza kwa muhuri ule ule.

Kazi inayofuata fundi ni mwenzangu, kwa zamu. Tayari ameshapima dirisha mara mbili, na hajaniambia anataka kufanya nini.